Mkoba wa mtoto hupimwa na njia

Akina mama wawili wa mtaa mmoja, wenye watoto wa umri mmoja, wanaweza kutoka nyumbani asubuhi moja na mikoba isiyofanana hata kidogo. Wa kwanza ana khanga, kadi ya kliniki na pampasi mbili ndani ya kipochi. Wa pili amebeba begi la mgongoni lililojaa hadi zipu inagoma. Majirani hawakosi la kusema: huyu mzembe, yule mwoga. Kabla ya kuhukumu ingefaa kuuliza wanakwenda wapi. Wa kipochi anakwenda zahanati iliyo mtaa wa pili. Wa begi anapanda basi la Mbeya. Wote wawili wamefungasha vizuri.

Ushauri mwingi kuhusu kutoka na mtoto mchanga hulisahau jambo hilo. Huja kama orodha: nepi kadhaa, nguo kadhaa, chupa kadhaa, kana kwamba mtoto anahitaji begi lilelile akienda sokoni na akienda mkoani. Na orodha nyingi zilitungwa kwa ajili ya miji ambayo kila choo kina maji, kigari cha mtoto kinapita kando ya barabara bila kukutana na mtaro, na familia ina gari lenye buti. Ukweli ni kwamba mahitaji ya mtoto hayabadiliki sana; kinachobadilika ni njia. Kila kitu kilichomo mkobani kimo kwa sababu kuna kitu kinakosekana huko uendako: maji, kivuli, duka, choo, au mtu wa kukushikia mtoto. Anayejua njia yake imepungukiwa nini anajua afungashe nini. Akiangalia vizuri zaidi, ataona pia mizigo ambayo haikupaswa kuwa yake.

Chakula: kisichobebwa na kisichotunzika

Mtoto wa chini ya miezi 6 anayenyonya tu ndiye msafiri mwepesi kuliko wote. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha vyakula vingine viongezwe huku mtoto akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Kwa msafiri, ushauri huo una faida ya papo kwa papo: chakula kipo tayari, ni safi, kina joto linalofaa na hakitaki chombo. Hata maji hayahitajiki. Zaidi ya asilimia 80 ya maziwa ya mama ni maji, na hiyo inamtosha mtoto hata katika joto la Dar es Salaam mwezi Februari. Chupa ya maji inayowekwa mkobani ili mtoto asishikwe na kiu ni ya mama, naye anywe kweli, maana anayenyonyesha hukaukwa koo upesi.

Ugumu unaanza mama na mtoto wanapotengana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inatoa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja, na inamtaka mwajiri amruhusu mama anyonyeshe hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Siku 84 ni wiki 12. Miezi 6 ni wiki 26. Katikati hapo kuna mtoto anayepaswa kunyonya tu na mama aliyekwisha kurudi ofisini. Zile saa mbili zinamfaa anayeishi jirani na kazi. Anayekaa Mbagala na kufanya kazi Posta atazimaliza ndani ya daladala kabla hajamwona mtoto. Ndipo mkoba unapoongezewa kikamulio, vichupa na barafu.

Akiba haiozi, walisema wahenga, lakini hawakuwa wameweka maziwa mkobani saa saba mchana Kariakoo. Mwongozo wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, unayapa maziwa yaliyokamuliwa hadi saa 4 katika nyuzijoto 25 au chini ya hapo. Dar es Salaam mchana hupita 30 kwa miezi mingi ya mwaka, kwa hiyo zile saa 4 zisichukuliwe kama haki. Yakiwekwa kwenye kibegi cha kutunza ubaridi pamoja na vipande vilivyogandishwa, yanafika saa 24. Kibegi hicho ni kati ya vitu vichache vya dukani ambavyo khanga haiwezi kuchukua nafasi yake.

Maziwa ya kopo yana sheria kali zaidi, kwa sababu unga wenyewe hauna uhakika wa kutokuwa na vijidudu. WHO inataka uchanganywe na maji yasiyopungua nyuzijoto 70. Yakishatengenezwa, yatumike ndani ya saa 2. Mtoto akishaanza kuyanywa, yamebakiwa na saa 1. Anayetengeneza chupa tatu alfajiri ili zimtoshe mpaka Dodoma anabeba hatari tatu. Njia salama ni kupima unga nyumbani na kuuweka mkavu kwenye vikopo, kubeba maji ya moto kwenye chupa ya chai iliyo safi, kuchanganya pale mtoto anapohitaji, na kupooza kabla ya kumpa. Kikombe cha kawaida kisicho na mdomo kinaoshwa kwa urahisi kuliko chuchu ya mpira, na njiani hilo si jambo dogo.

Baada ya miezi 6 unaingia uji. Uji wa lishe ukitiwa ukiwa unachemka ndani ya chupa ya chai iliyokwisha kusuuzwa kwa maji ya moto hukaa salama kwa saa kadhaa. Ukiupoza na kuutia kwenye kikopo cha plastiki, saa 2 zikipita haufai, na kwenye joto la nyuzi 32 na kuendelea hata hizo saa 2 ni nyingi. Mimina kinacholiwa tu, na kilichoguswa na kijiko cha mtoto kisirudishwe chupani. Chakula cha safari kisichohitaji hesabu zote hizi ni kile kilichofungwa na maganda yake: ndizi mbivu na parachichi. Vinauzwa karibu kila stendi, vinapondwa kwa kijiko, na havina sufuria ya kuosha. Karanga na mahindi ya kuchoma yanayopitishwa dirishani ni ya watu wazima. Karanga nzima ni moja ya vitu vinavyowapalia watoto wadogo na kuwaziba pumzi.

Nepi, maji na pa kutupia

Zama za nepi za kitambaa, mzigo uliongezeka kadiri safari ilivyoendelea. Mama alitoka na sita kavu akarudi na sita zilizolowa, zikiwa na uzito na harufu juu yake. Nepi za kutupa, ambazo Procter & Gamble ilianza kuziuza Marekani kwa jina la Pampers mwaka 1961, ziligeuza hesabu hiyo: mkoba hupungua kila mtoto anapobadilishwa, mradi upate pa kutupa. Sharti hilo la mwisho ndilo linalotusumbua.

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa mfuko wa rambo. Pampasi iliviringishwa, ikafungwa mafundo mawili, ikasubiri jalala lolote litakalotokea. Rwanda ikaipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya ikafuata tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Sababu zilikuwa nzuri, na kila aliyewahi kuona mtaro ulioziba wakati wa masika anazijua. Ila mifuko mbadala iliyojaa sokoni inapitisha maji, na pipa la taka kwenye kituo cha daladala bado ni la kutafuta kwa tochi. Katikati ya uamuzi mzuri wa serikali na pipa ambalo halipo, amesimama mama ameshika pampasi.

Wajanja wamepata njia mbili. Moja ni kifuko cha kitambaa kisichopitisha maji, chenye zipu au kamba, kinachofuliwa baada ya safari. Nyingine ni kopo la aiskrimu lenye mfuniko unaobana. Halivuji, halinuki, na bei yake ililipwa na aiskrimu. Kinyesi kimiminwe chooni, pampasi ikunjwe iingie koponi. Kuitumbukiza pampasi yenyewe chooni ni kosa: tumbo lake lina chembe zinazofyonza maji na kuvimba, kwenye choo cha kuvuta inaziba bomba, kwenye choo cha shimo inajaza nafasi bila kuoza. Na ile imani kwamba kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara haina msingi. Kinaweza kuambukiza kuhara kama cha mtu mzima, kwa hiyo kichakani si pa kukitupa.

Idadi ya pampasi inategemea duka kuliko tumbo la mtoto. Mchanga wa wiki chache hubadilishwa mara 8 hadi 12 kwa siku, wa miezi kadhaa mara 6 hivi. Moja kwa kila saa mbili au tatu za kuwa nje, na mbili za tahadhari, inatosha. Lakini maduka ya mitaani huuza pampasi moja moja. Anayekwenda Kariakoo na furushi zima anampelekea pampasi muuza pampasi. Furushi ni la basi la mkoani, ambako kati ya mji na mji hakuna duka, na likitokea basi halisimami.

Kuhusu usafi, tishu za maji zinazouzwa dukani ni rahisi na zinasaidia, lakini hazichukui nafasi ya maji na sabuni. Kitakasa mikono tulichokizoea tangu 2020 hakifanyi kazi vizuri juu ya mkono wenye uchafu unaoonekana au mafuta, na mkono uliotoka kumbadilisha mtoto ndio huo. Nusu lita ya maji na kipande cha sabuni ndani ya kisanduku chake vinafanya kazi ambayo pakiti nzima ya tishu haifanyi. Mafuta ya mgando kidogo yanaikinga ngozi isichubuke pale ubadilishaji unapochelewa.

Angalia mambo yanavyokwenda kwenye stendi nyingi. Mama analipa sarafu mlangoni, anaingia chooni, anakuta sakafu imelowa na hakuna hata ubao wa kumlazia mtoto. Anatoka. Anakaa kwenye benchi la abiria, anatandika kipande cha mpira magotini, juu yake khanga, anamlaza mtoto kichwa kikielekea magoti. Mkono wa kushoto umeshika vifundo viwili vya miguu, wa kulia unafuta, pampasi mpya imebanwa kati ya kidevu na kifua. Konda anapiga kelele kwamba gari linaondoka. Yote yanakwisha kwa dakika mbili, na hakuna hata mmoja kati ya waliolipwa ile sarafu aliyefikiri kwamba dakika hizo mbili ni sehemu ya huduma ya choo.

Khanga, jua na baridi

Kitu kimoja mkobani kinafanya kazi za vitu kumi, nacho ni khanga. Doti moja ina vipande viwili: kimoja ni mbeleko, kingine ni shuka, pazia la kunyonyeshea, kivuli, taulo, na zulia dogo kwenye sakafu usiyoiamini. Kigari cha mtoto hakina la kufanya katika mitaa yetu mingi, ila mbeleko inapita kwenye vichochoro, inapanda daladala na kuiachia mikono nafasi. Masharti yake ni machache: uso wa mtoto uonekane, pua isizibwe na nguo, kidevu kisigande kifuani. Ambaye shingo haijakaza abebwe mbele, mama akimwona.

Jua na baridi vinataka akili zaidi ya nguo. Dar es Salaam au Mombasa, mchana wa nyuzi 32, si ajabu kumwona mtoto amevikwa sweta, kofia ya uzi na soksi, anatoka jasho hadi kwenye kope. Kinachomtesa hapo ni joto, na tiba yake ni kumvua. Shika kisogo chake: kikiwa na jasho, amevalishwa mno. Kwa wa chini ya miezi 6, kivuli na nguo nyepesi ni bora kuliko kumpaka losheni ya jua.

Basi la nyanda za juu lina habari nyingine. Linatoka Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, abiria wakijipepea, linapita Morogoro na Mikumi bado kuna joto, linapanda mlima Kitonga, na likifika Mafinga na Makambako watu wamejifunika mabegani. Mtoto amepita hali za hewa tatu bila kushuka kitini. Nguo nyepesi tatu zinazovaliwa juu ya nyingine zinamfaa kuliko sweta moja zito, kwa sababu zinaongezwa na kupunguzwa. Baridi ikizidi, kipashaji cha kwanza ni kifua cha mama. Njia ya kangaruu iliyoanzia Bogotá mwaka 1978 kwa watoto njiti, ngozi kwa ngozi ndani ya nguo za mama, inampasha mtoto hata kwenye kiti cha basi. Kona za Kitonga zina jambo lao pia: huwatapisha wengi, kwa hiyo nguo ya kubadilisha iwe juu mkobani, na ya mama iwepo. Blauzi ya pili ya mama ndiyo inayosahaulika mara nyingi kuliko kitu kingine chochote.

Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku nchini Tanzania, na usiku ndio saa za mbu waenezao malaria. Neti ndogo ya mwavuli ni nyepesi na inafaa kwa usiku wa kufikia nyumba za wageni au kwa ndugu ambako neti hazijatosha. Njiani, nguo ya mikono mirefu na soksi zinatosha. Dawa za kupaka za kufukuza mbu zenye DEET hazipakwi mtoto wa chini ya miezi 2.

Dawa chache, karatasi moja

Sehemu ya dawa ndiyo inayofurika bila sababu. Kwa kweli vitu vinavyostahili ni vichache: kipimajoto, paracetamol ya maji, pakiti mbili za ORS (chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini) na vidonge vya zinki. Paracetamol hutolewa kwa uzito wa mtoto, kwa hiyo kipimo kiulizwe kwa mhudumu wa afya kabla ya safari. Kwa mtoto wa chini ya miezi 3, joto la nyuzi 38 ni la kupelekwa hospitali. Si la kutulizwa kwa chupa ya mkobani. Pakiti ya kawaida ya ORS huchanganywa na lita 1 ya maji safi na hutumika ndani ya saa 24. Ndiyo maana chupa ya lita 1 yenye kipimo kinachosomeka ni kifaa cha tiba. Tangu mwaka 2004 WHO na UNICEF zinashauri ORS iende pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, na 10 kwa wa chini ya miezi 6.

Pamoja na dawa, dalili za hatari zibebwe kichwani: mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepatwa na degedege, au aliyelegea asiyeamka vizuri. Moja tu kati ya hizo inaivunja safari, hata kama nauli imelipwa.

Vingi vibaki nyumbani. Antibiotiki iliyosalia tangu ugonjwa uliopita, aspirini, na dawa za chango anazopewa mtoto wa wiki mbili havina nafasi. Asali haipewi mtoto kabla ya mwaka mmoja, kwa sababu ya sumu ya botulizimu. Wanja usipakwe machoni, maana aina nyingine zina madini ya risasi. Mvuje uliofungwa kwenye kitambaa cheusi mkononi, kama ilivyo desturi ya pwani, hauna uzito wa kulalamikia. Tahadhari ni uzi wowote unaofungwa shingoni, kwa kuwa unaweza kumkaba akiwa usingizini.

Karatasi isiyokosekana ni kadi ya kliniki, na kwa Kenya kile kijitabu cha mama na mtoto. Chanjo hufuata umri: kuzaliwa, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha surua na rubela miezi 9 na 18. Mama anayekwenda kwao kumwonyesha bibi mjukuu wa wiki 9 na kukaa mwezi mzima ataikuta wiki ya 10 akiwa huko. Akiwa na kadi, mtoto anachanjwa kwenye zahanati ya kijijini na kumbukumbu inaendelea. Asipokuwa nayo, mhudumu atalazimika kukisia. Kwa wanaovuka mpaka kuna hati ya kusafiria ya mtoto mwenyewe, na cheti cha homa ya manjano pale kinapodaiwa, chanjo yenyewe ikianza miezi 9. Kwa wa ndege kuelekea Muscat, London au Minneapolis, ile kanuni ya vimiminika visivyozidi mililita 100 iliyoanza mwaka 2006 huyaacha maziwa na chakula cha mtoto, mradi visemwe mapema kwenye ukaguzi. Ndege ikipaa na ikitua, mtoto anyonye, ili kumeza kumpunguzie maumivu ya masikio.

Siku ya kliniki yenyewe ina mkoba wake mdogo. Mtoto atavuliwa na kupimwa uzito, na katika kliniki nyingi ananing'inizwa kwenye mzani kwa khanga ya mama yake, kwa hiyo khanga iwe imara, isiyochakaa. Chanjo za sindano za wiki ya 6 hadi 14 huchomwa pajani, kwa hiyo nguo inayofunguka chini inaokoa muda na kilio. Foleni ni ndefu, mama anywe chai kabla hajatoka.

Kanuni ya mkono mmoja

Kujua cha kubeba ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kukipata. Ndani ya daladala au mwendokasi wa jioni, mama ana mkono mmoja tu, mwingine umeshika mtoto. Mkoba unaotaka mikono miwili kufunguliwa, au unaotaka kumwagwa wote ili kitu kimoja kionekane, umeshindwa kazi hata kama una kila kitu. Wanaosafiri sana hufunga vitu kwa matukio badala ya aina: pampasi moja, tishu tatu na kifuko cha uchafu vimeviringishwa pamoja, tayari kwa badiliko moja, nguo ya juu, ya chini na soksi kwenye fundo moja. Ukitokea uhitaji, unatoka mkupuo mmoja. Juu kabisa kikae kinachoweza kutakiwa ghafla. Pesa, simu na kadi vikae mwilini mwa mama, siyo mkobani, kwa kuwa mkoba wa mtoto ndio unaowekwa chini mara nyingi na kusahaulika. Sarafu za choo ziwe karibu.

Mpangilio huo una faida nyingine: unasomeka na mtu ambaye hakuupanga. Baba, shangazi au dada wa kazi akiufungua anajua kilipo kila kitu. Mkoba unaoeleweka na mama peke yake unamfunga mama kwenye mkoba.

Mzigo wa nani?

Kwa viwango vya ukuaji vya WHO vya mwaka 2006, mtoto wa uzito wa kati wa miezi 9 ana kilo 8.2 akiwa wa kike na 8.9 akiwa wa kiume. Lita moja na nusu ya maji ni kilo moja na nusu. Ongeza chupa ya chai iliyojaa, nguo, furushi la pampasi, chakula cha mama mwenyewe: mkoba wa siku nzima hufika kilo 4 au 5 bila taabu. Jumla ni kilo 13 juu ya mwili ambao pengine haujapona sawasawa uzazi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wengi wanaomcheka mama kwa begi kubwa hawajawahi kulipandisha ngazi za basi.

Zamani mzigo huu ulikuwa mdogo kwa sababu njia ilikuwa na watu. Bibi alifuatana na mzazi hadi kliniki, wifi alikwenda naye mkoani, na kila nyumba ya ukoo njiani ilikuwa na maji ya moto. Mabaki ya utaratibu huo bado yapo. Kwenye daladala iliyojaa, mama aliyesimama humpakatisha mtoto wake kwa abiria asiyemjua aliyekaa, bila maneno mengi, na hakuna anayeshangaa. Ni msaada usiouzwa dukani. Lakini maisha ya mjini yanawatoa wengi peke yao, mume yuko kazini, bibi yuko Singida, na kila mtu aliyeondoka njiani ameacha nafasi iliyojazwa na kitu mkobani.

Nafasi nyingine zingeweza kujazwa na wenye njia. Kenya, kwa Sheria ya Afya ya mwaka 2017, iliwataka waajiri watenge vyumba vya kunyonyeshea. Hatua hiyo inamgusa mama aliye ofisini; mama wa stendi, wa soko na wa kivuko cha Likoni bado yuko nje ya sheria hiyo. Vinavyotakiwa huko ni vinne na si vya anasa: bomba lenye sabuni, ubao wa kumlazia mtoto, pipa lenye mfuniko, na kiti chenye egemeo mahali penye kivuli. Stendi zinazotoza ushuru kila gari na kulipisha choo kila abiria haziwezi kudai zimeshindwa kununua ubao. Treni ya umeme iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024 imeonyesha kwamba vituo vipya vinajengwa kwa michoro mipya, na mchoro ni mahali rahisi kuliko pote pa kuongeza ubao.

Faida yake inapimika kwa kilo. Bomba likiwepo, lita moja inabaki nyumbani. Pipa likiwepo, kopo la aiskrimu halina kazi. Ubao ukiwepo, kipande cha mpira hakibebwi. Kiti cha kunyonyeshea kikiwepo, mama wa mtoto mdogo anatoka na khanga na kadi, hata akienda mbali. Hadi vitu hivyo vitakapowekwa, mama aendelee kufungasha kwa kuitazama njia, na baba asisubiri kuombwa ndipo ashike begi.